Na Mimi Napitia Wapi?

Ramani ya nyumba ilikuwa imetandazwa mezani, pembe zake zimewekewa vitabu zisijikunje. Mume wangu alikuwa anamwonyesha mama yake chumba tulichompangia. Alikuwa na bashasha ya mtu anayetoa zawadi: dirisha hili hapa, kabati la ukutani lile pale, sebule ukifungua mlango tu, hutakaa mpweke, mama. Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akaweka kidole kwenye mlango wa chumba chake, akakisogeza polepole hadi sebuleni, akapita kati ya kochi na meza, akakatiza mbele ya mlango mkuu, akafika kwenye choo cha wote upande wa pili wa nyumba.

"Wageni wakiwepo," akasema, "na mimi napitia wapi?"

Mume wangu alisema tutaliangalia. Mimi nikaikunja ramani, mazungumzo yakahamia kwingine.

Swali halikuhama.

Kwa wiki kadhaa nilikuwa naifungua ramani ile usiku, watoto wakishalala, na kila nikiifungua naona kidole kile kikitembea. Shida haikuwa ukubwa. Mita za mraba zilikuwepo, vyumba vilitosha kwa idadi yetu, kila mtu alikuwa na mlango wake. Mtu akiagiza nyumba hutaja vyumba: vya kulala vingapi, sebule, jiko, stoo. Mchora ramani naye huvipanga vikaenea. Njia haimo kwenye orodha ya mtu yeyote, nayo hujitokeza yenyewe pale vyumba vilipoiachia nafasi.

## Kutoka juu

Ukiitafakari, ramani ya sakafu ni mchoro wa ajabu. Mchoraji analikata jengo kwa mlalo, mita moja na kidogo juu ya sakafu, anaondoa kila kilicho juu ya mkato huo, kisha anachora anachokiona chini yake kana kwamba anaelea angani. Kutoka huko kila kitu kinaonekana kipo jirani na kila kitu kingine. Hakuna hata mmoja wetu atakayeiona nyumba kutoka huko. Mtoto ataiona kutoka kimo cha kitasa. Mama mkwe ataiona gizani, mkono mmoja ukutani, akitafuta swichi.

Basi nikatoa nakala, nikawapa watoto penseli za rangi, nikawaambia wachore njia. Nyekundu: bibi akiamka usiku. Kijani: mtoto anayerudi kutoka nje na viatu vya matope. Bluu: mtu mwenye mizigo mikono yote miwili, kutoka mlangoni hadi stoo. Mimi nikachukua nyeusi, nikachora nguo chafu: kutoka vyumbani hadi zinapofuliwa, kutoka zinapofuliwa hadi zinapoanikwa, na safari ya kurudi.

Karatasi ilipochafuka vya kutosha, kitu kimoja kilionekana waziwazi. Mistari yote ilikutana sebuleni, nayo sebule ilikuwa na milango mitano.

Hapo ndipo nilipoanza kupiga hesabu. Sebule yetu ilikuwa ya mita 5 kwa 4, yaani mita za mraba 20. Mtu anahitaji upenyo wa kama sentimita 90 apite bila kujikunyata. Njia ya upana huo ikikata chumba chenye urefu wa mita 5, inachukua mita za mraba 4.5. Zinabaki 15.5, lakini hazibaki pamoja. Zinabaki vipande viwili, kimoja kila upande wa njia, na kochi letu haliingii vizuri kwenye chochote kati ya hivyo. Chumba kidogo zaidi chenye milango miwili iliyo kwenye kona moja kingetupa makazi bora kuliko kile.

Siku hizi nikionyeshwa ramani ya mtu, nahesabu milango ya sebule kwanza. Ukubwa nauuliza baadaye.

## Korido

Jibu lililo karibu ni korido, na mchora ramani alilileta haraka sana. Vyumba vya kulala upande mmoja, sebule upande mwingine, katikati korido ya mita 1.2 kwa 8.

Mume wangu alizidisha kichwani. "Hizi ni mita za mraba tisa na nusu na ushee," akasema. "Hiki ni chumba kizima."

Na kweli ni chumba, cha kama mita 3 kwa 3.2. Kina msingi, kina sakafu, kina paa, kinapigwa rangi kama vingine, ila hakuna mtu atakayekaa ndani yake hata dakika moja. Katikati ya mchana kinahitaji taa. Sikuwa na hoja ya kumjibu.

Kilichonisumbua zaidi kilitoka mahali pengine. Nilikuwa nimesoma kwamba kwa muda mrefu hata majumba makubwa ya Ulaya hayakuwa na korido tunayoijua. Chumba kilifungukia chumba kingine, na ili ufike cha mwisho unavipita vyote, na waliomo ndani wanakuona. Moja ya nyumba za mwanzo kuwekewa korido inayopita katikati toka mwisho mmoja hadi mwingine ni Coleshill, kule Uingereza, iliyosanifiwa na Roger Pratt katikati ya karne ya 17. Pratt hakuficha nia yake: watumishi wapite huku na huko bila kuonekana na wenye nyumba na wageni wao.

Yaani korido ile ilijengwa ili watu fulani wasionekane.

Nikaiangalia ile ya kwetu. Upande mmoja wageni, upande mwingine mama wa mtu, na kati yao ukuta wenye kazi ileile. Tunamleta kwetu asikae peke yake, kisha tunamjengea njia ya kujificha? Nililitafuna hilo muda mrefu kuliko nilivyolitafuna jambo lolote kwenye ujenzi huu, pamoja na gharama.

Siku moja nilimuuliza mwenyewe, kwa kuzunguka kidogo kama inavyobidi na mama mkwe. Kama angependa chumba chake kiwe mbali na kelele za wageni. Akacheka. "Wageni nawapenda, mwanangu. Ila nataka nikitokea mbele yao niwe nimeamua, na kitambaa changu nimekivaa."

Baada ya hapo nilijua tunachora nini.

## Mraba mdogo

Korido ndefu inazaliwa pale vyumba vinapopangwa mstari mmoja. Vikizunguka kitu, inafupika. Msanifu tuliyemwendea baadaye, mama mmoja mpole mwenye tabia ya kuchora huku anaongea, alichukua milango ya vyumba vya kulala na ya choo, akaikusanya kuzunguka mraba wa mita 1.8 kwa 1.8. Kiukumbi tu. Mita za mraba 3.24 badala ya 9.6. Kutoka hapo kuna uwazi mmoja wa kwenda sebuleni, umewekwa kwenye kona, na mbele yake kuna ukuta mfupi ili aliyekaa kwenye kochi asione ndani. Bibi akitoka chumbani kwake anafika chooni kwa hatua chache. Akitaka kuja sebuleni, anakunja kona.

Sebule ikabaki na milango miwili na uwazi huo mmoja, vyote upande uleule. Ghafla kukawa na ukuta wa kuegemeza kochi.

Nisiseme kwamba kila kitu kiliingia. Mlango wa sentimita 90 ukifunguka nyuzi 90 unafagia robo duara, na robo duara hiyo ni karibu mita za mraba 0.64 ambazo huwezi kuweka kitu. Milango ya vyumba tuliielekeza ifungukie ndani ya vyumba, nyuma yake kusikae kabati. Wa choo ndio uliotugombanisha. Mlango wa choo unaofungukia ndani una hatari yake: mtu akianguka nyuma yake, mwili wake ndio unaouzuia, na aliye nje hawezi kuusukuma. Kwenye nyumba yenye mzee hilo linatosha kuufanya ufungukie nje. Lakini nje ni kiukumbi kile kidogo, na mtoto anayetoka chumbani mbio angepigwa nao usoni.

Mume wangu akataka wa kuteleza. Wa kuteleza hauchukui nafasi, ila hauzibi sauti vizuri, na choo kiko mita mbili kutoka vitanda vya watu. Tulirudi kwenye wa kufungukia nje, tukausogeza bawaba upande wa pili ili ukifunguka ulale ukutani. Mchoro wa bawaba ile ni mstari mwembamba wa nusu sentimita. Uliweza kutuchukulia jioni nzima.

## Maji yanashuka

Choo kusogea karibu na mama lilikuwa jambo jema hadi fundi bomba alipoona.

Bomba la maji taka haliwekwi mlalo. Kipimo ambacho mafundi wengi hukitumia kwa bomba la choo ni kushuka mita 1 kila mita 40, yaani sentimita 2.5 kwa kila mita. Choo kikiwa mita 10 kutoka kwenye chemba, yaani shimo la kukagulia bomba la maji taka, bomba litakuwa limeshuka sentimita 25 kufika pale. Kwenye karatasi nahamisha choo kwa kifutio. Chini ya sakafu kila mita ninayokisogeza inachimbwa, na kina kinaongezeka. Ndiyo sababu wasanifu hupenda jiko, bafu na choo vipeane mgongo: ukuta mmoja wenye mabomba, mtaro mmoja, chemba ziko karibu, na maji ya moto hayasafiri mbali. Kwenye bomba la kawaida la milimita 15, mita 10 hubeba karibu lita moja na nusu ya maji yaliyokwisha kupoa, nayo yote unayamwaga ukisubiri ya moto yafike.

Tulipata mpango ambao choo na bafu viko nyuma ya jiko, na chumba cha mama kimepakana na bafu. Njia fupi, mabomba pamoja. Kelele je? Kabati lake la nguo, lenye kina cha sentimita 60, likahamia kwenye ukuta unaopakana na bafu, na kitanda kikaenda ukuta wa mkabala. Nguo zilizojaa humeza sauti kuliko watu wanavyodhani.

Ghorofa tuliliondoa mapema, kwa hesabu isiyo ndefu. Kimo cha mita 3 kutoka sakafu hadi sakafu kinataka vidato 18 vya karibu sentimita 17, na kila mahali pa kukanyagia pawe na kama sentimita 28. Hiyo ni ngazi yenye urefu wa karibu mita 4.8 ikienda moja kwa moja, kabla hujaweka pa kuanzia na pa kufikia. Na kila siku mtu angezipanda.

Upana wa milango na nafasi ya bafuni tulivipanga kimyakimya. Sentimita 90 kwa mlango. Bafuni duara tupu la mita 1.5, ambalo ndilo kiti cha magurudumu kinahitaji ili kigeuke. Hakuna aliyetaka kulitaja mbele yake. Akalitaja mwenyewe, ameinama juu ya mchoro na miwani puani: "Hapa pananitosha hata siku nikipewa gari langu la magurudumu." Kisha akauliza swichi itakuwa kimo gani.

## Jua

Hapa nitapita haraka, maana ni jambo ambalo kila mtu analijua na bado nyumba nyingi zinajengwa kana kwamba halijulikani.

Vitruvius, msanifu wa Kirumi wa karne ya 1 kabla ya Kristo, alishauri vyumba vya kulala na maktaba vielekee mashariki, kwa kuwa matumizi yake yanataka nuru ya asubuhi. Ushauri haujachakaa. Kinachoharibu mambo ni ramani ya kuazima. Unaipenda nyumba ya mtu, unachukua ramani yake, kiwanja chako kimeelekea upande mwingine, mchoraji anaigeuza kama anavyogeuza shati. Kuta zinabaki zilezile, lakini jua la alasiri lililokuwa linapiga stoo sasa linapiga ukuta wa kitanda cha mtoto, na ukuta huo utalirudisha joto lile usiku.

Tafuta mshale wa kaskazini kwenye ramani yako kabla hujatazama kitu kingine. Magharibi tuliweka stoo na bafu.

Na dirisha moja haliangazi chumba kirefu. Nuru ya maana huingia takriban mara mbili hadi mbili na nusu ya kimo cha juu ya dirisha. Likiishia mita 2.1 kutoka sakafuni, ukifika mita ya tano ndani uko kwenye kivuli. Chumba chenye madirisha kwenye kuta mbili kinapata nuru na upepo kwa pamoja, kwa hiyo tulipigania kona.

## Chokaa

Kabla ya kuchimba, tulipima mpango mzima kiwanjani kwa vigingi na kamba, fundi akamwaga chokaa penye kuta. Mume wangu alisimama katikati ya chumba chetu cha kulala akanyamaza. Nilijua anachofikiri. Chumba kilionekana kama zizi la mbuzi wawili.

Fundi hakushtuka. Alisema kila mteja anasema hivyohivyo, na kwamba kuta zikipanda hadi lenta, ile boriti ya juu ya milango na madirisha, vyumba vitakua tena. Sakafu ikizungukwa na uwanda mpana huonekana ndogo, ndivyo macho yalivyo. Tulichofanya ni kuleta viti na kupima kitanda chetu cha kweli, sentimita 150 kwa 200, tukakichora kwa chokaa pia. Kwenye mchoro wa kwanza kitanda kilikuwa kimechorwa kifupi kuliko kitanda chochote tulichowahi kulalia, na pengine ndiyo sababu chumba kile kilionekana na nafasi. Huu wa sasa ulikuwa mkweli. Zilibaki sentimita 70 kila upande.

Mama mkwe alitembea nyumba yake. Aliingia chumbani kwake kwa mlangoni, hakuruka chokaa hata mara moja, akatoka kwenye kiukumbi, akaenda chooni, akarudi. Aliridhika. Kisha akaketi kwenye kiti mahali penye kitanda chake, akaangalia ukuta usiokuwepo bado.

"Nikiwa hapa," akasema, "nani ameingia getini sitamwona."

Na hakukosea. Tulikuwa tumemficha vizuri mno. Dirisha lake lilikuwa linatazama ubavuni, kwenye ukuta wa jirani. Anayetaka kuamua lini aonekane anahitaji kwanza kuona nani yupo. Msanifu alikuja siku ya pili, akakivuta chumba kile mbele kwa mita moja ili kipate kona inayochungulia geti, akafungua dirisha hapo, akaliteremsha kizingiti hadi sentimita 60 ili aliyeketi aone nje. Veranda ikapungua. Mimi nilikuwa nimeipenda ile veranda, na bado inaniuma kidogo.

## Jiko la nani

Ukuta mmoja haujaamuliwa.

Mwaka 1926 Margarete Schütte-Lihotzky, msanifu wa Austria, alisanifu jiko kwa ajili ya nyumba mpya za Frankfurt, Ujerumani. Lilikuwa dogo, kama mita 1.9 kwa 3.4, na kila kitu humo kilipangwa kwa kupima hatua na muda wa anayepika. Yalijengwa kama 10,000. Majiko mengi tunayochorewa leo, yenye meza ndefu ya ukutani na makabati juu na chini, ni wajukuu wa lile. Kanuni ya pembetatu, kwamba jumla ya umbali kati ya sinki, jiko la moto na friji iwe kati ya mita 4 na 8 hivi, inatembea kwenye njia hiyohiyo ya kuhesabu hatua.

Naiheshimu hesabu hiyo. Miguu yangu inaiheshimu. Lakini ni hesabu ya mtu mmoja aliye peke yake na kazi. Jikoni kwetu kuna mimi, kuna mama mkwe aliyekaa kwenye kigoda akichambua kitu, kuna mtoto anayefanya hesabu za shule kwenye kona ya meza kwa sababu huko ndiko tuliko sisi. Kwa hiyo nimetaka mita 1.2 kati ya meza na meza ili watu wawili wapishane, na mlango wa nje uwe mahali ambapo anayepita hakatizi kati ya sinki na moto.

Mume wangu anataka ukuta kati ya jiko na sebule uondoke kabisa. Anasema atakuwa anaongea nami nikipika. Ni maneno matamu, na namwamini. Lakini akiwa na wageni wake, sinki langu lililojaa vyombo nalo litakuwa mgeni. Nimemkumbusha kwamba mama yake alishalisemea jambo hili, kwa ajili ya chumba kingine.

Sasa amependekeza ukuta ubaki, utobolewe uwazi mpana wa kupitishia vyombo, wenye vibao vya kufunga. Uwazi nimeukubali. Lenta yake imeshaingia kwenye mchoro, mita 1.8. Tunachobishania ni komeo la vibao hivyo: likae upande wa sebule au upande wa jiko. Msanifu amesema anaweza kuweka pande zote mbili. Nimemwambia asithubutu.